Siku Mama Mkwe Aliona Ubongo Yangu

Kiwanda ya karatasi ya Webuye ilisimama, moshi ikaisha, watu wakatafuta kazi kwingine, lakini ndani ya kichwa yangu iliendelea kufanya kazi shifti zote. Kila mara kabla nianguke, harufu ya hiyo kiwanda ilikuja kwanza. Wenye walikaa upande ile wanaijua: ni kama kabeji imeozea ndani ya soksi. Ilinipata Kitale, ilinipata Myanga nyumbani kwangu, ikanipata hata kanisani wakati wa sadaka, jirani akafikiri nakunja uso sababu ya kutoa. Nikiisikia, nilijua nimebakisha muda ya kufunga kiatu moja. Halafu mdomo inafunga. Mtu ananiongelesha, namsikia vizuri, jibu ninayo, lakini haitoki. Halafu naanguka, na mengine nilikuwa naambiwa na watu.

Kifafa hiyo ilitoka Kachibora. Nilikuwa kijana, nimekaa juu ya magunia ya mahindi kwa lori, dereva akapiga kona, magunia yakabaki, mimi nikaenda. Nilikaa hewani siku mbili, na nilipofika chini nikafikia kichwa. Nikaamka, nikapanguza vumbi, nikapanda tena lori. Miezi sita hivi ikapita, ndio harufu ikaanza.

Kazi yangu ni dalali wa ng'ombe. Siku ya soko ya Kitale niko Kitale, siku ya Myanga niko Myanga, mahali popote ng'ombe inabadilisha mwenyewe mimi niko katikati. Ng'ombe si yangu, mnunuzi si wangu, yangu ni mdomo tu. Darasa la tatu ndio nilifika shule, lakini kuna siku nilisifu ndama moja mpaka mwenyewe akakataa kuuza, akageuza akarudi nayo nyumbani, ati hakujua ana kitu namna hiyo.

Siku moja kifafa ilinishika nikiwa katikati ya bei. Mnunuzi ametaja yake, mimi nimefungua mdomo nijibu, harufu ya kiwanda ikaingia, mdomo ikafunga. Nikamwangalia tu. Mnunuzi akaona hii dalali ni ngumu, akaongeza. Nikamwangalia. Akaongeza tena. Mara ya tatu ameongeza, mimi ndio huyo chini. Mwenye ng'ombe alisema hajawahi kuona kazi imefanywa vizuri hivyo, akauliza kama ninaweza kuanguka na wiki ijayo.

Hiyo tulicheka. Ile ya mwisho hatukucheka sana. Niliangukia ndani ya boma ya soko, katikati ya fahali tano zilikuwa bado hazijafungwa. Wanasema moja ilikanyaga kofia yangu, na kofia haikuwa mbali na kichwa. Baada ya hiyo, wenye ng'ombe wakaanza kunisalimia wakiwa mbali. Bibi yangu, yule nilioa Webuye, akakataa nisikae karibu na jiko, nisiende mtoni, nisipande ngazi. Nilikuwa mzee wa nyumba, na kuku ilikuwa na ruhusa ya kutembea kunishinda.

Nilikunywa dawa aina nne. Moja ilinilaza, ingine ikaninenepesha, ya tatu ikafanya nione mbili mbili, na ya nne sikumbuki, labda hiyo ndio ilikuwa kazi yake. Mwishowe nikatumwa kwa daktari wa ubongo kwa hospitali moja hapo Kitale, yeye na watu wake wanakujanga na mashine zao, wanafanya siku kadhaa wanarudi walikotoka. Mwanaume mrefu, mpole, anaongea kama mtu ako na siku nzima. Akaweka picha ya kichwa yangu kwa taa, akanionyesha upande wa kushoto, juu ya sikio. Kulikuwa na doa.

Akaniambia hiyo ni kovu ya siku ile ya lori. Ndio inawasha moto, kichwa yote inafuata. Akauliza kama nalima. Nikasema nalima. Akasema basi nichukue ni kisiki kwa shamba, na yeye anaweza kuing'oa. Shida ni moja. Upande huo huo ndio watu wengi wanaweka maneno, na hakuna picha yenye inaweza kumwonyesha kwa uhakika mpaka ya maneno inapita wapi. Kila mtu ako na mpaka yake.

"Nikikata ndani ya maneno," akasema, "utaamka bila kifafa na bila mdomo. Kwa hivyo nitakufungua ukiwa macho, nipime na stima kidogo, tukiongea. Nikigusa mahali ukinyamaza, hapo sikati. Kisiki ikiwa yote iko ndani ya maneno, nafunga, unarudi nyumbani nayo."

Nikauliza kama hiyo stima inatoka kwa mlingoti. Akasema ni kidogo hata tochi haiwezi kuwaka.

Nilipeleka hiyo habari nyumbani. Bibi yangu aliosha sufuria, sufuria moja, muda mrefu. Halafu akasema daktari aangalie vizuri, maanake kwa huyu mtu maneno haiwezi kuwa upande moja, lazima imejaa kichwa yote na ingine iko kwa mabega. Lakini alienda na mimi. Tulipita Misikhu na Kamukuywa bila kuongea, na hiyo peke yake ilikuwa ugonjwa.

Siku ya kabla kulikuwa na mazoezi. Daktari aliniuliza naongea lugha gani. Nikamwambia Kiswahili ya soko na Lubukusu ya nyumbani. Akauliza naota na gani. Nikasema inategemea, nikiota ng'ombe inauzwa ni Kiswahili, nikiota inakufa ni Lubukusu. Akaandika. Akasema lugha mbili zinaweza kukaa kwa kichwa kama mahindi na maharagwe, zimechanganyika lakini kila mmea na shina yake, kwa hivyo atapima zote mbili. Nasi mmoja, muuguzi kijana wa kwetu, ndio angenipima na Lubukusu. Tukakaa na yeye na kitabu ya picha.

Kazi ilikuwa rahisi sana na mimi nikaishindwa. Anaonyesha picha, mimi nasema "hii ni", halafu jina. Hii ni kikombe. Hii ni mti. Ikafika ng'ombe. Nikasema hii ni fahali ya miaka mitatu, imechanganywa na ya kizungu, kifua nzuri, lakini huyu mguu ya nyuma anaficha kitu, ebu tumtembeze kwanza. Nasi akasema, "Mzee, neno moja." Nikajaribu tena, nikapunguza nikafikisha maneno saba. Dalali hawezi kutaja ng'ombe na neno moja, ni kama kuambia mchungaji aombe na neno moja. Tulirudia hiyo picha mpaka jioni. Kulikuwa na zingine sikuzijua, kama nyumba ya barafu na chombo ya muziki yenye kamba, hizo wakatoa, maanake huwezi kupima mtu kwa kitu hakuwa nayo tangu mwanzo.

Asubuhi wakanyoa kichwa, wakanichoma ganzi kuzunguka kichwa yote kama mtu anashona kofia, wakanilaza usingizi, wakafungua. Hapo sikuwa, siwezi kuongeza chumvi, ingawa natamani. Nilipoamka nilikuwa nimelala ubavu, kichwa imeshikwa na chuma haiwezi kugeuka hata kidogo, na mbele ya macho kuna shuka ya kijani imetundikwa kama pazia. Upande wa huko wa shuka ni daktari na kichwa yangu iko wazi. Upande wa huku ni uso yangu na daktari wa usingizi, Mturkana mmoja mtulivu, amekaa kwa kiti kidogo ameshika mkono yangu. Kwa hivyo mimi nilikuwa pande zote mbili za pazia. Watu wachache wamefika hapo.

Uchungu haikuwa. Ubongo ndio inasikia uchungu ya mwili yote, lakini yenyewe ukiigusa haijui. Kama chifu.

Daktari akasema anaanza. Mkono ya kulia ikaruka yenyewe, kama ya mtu mwingine ameona ndugu yake. Nikaambiwa niweke chini. Nikaweka, ikaruka tena. Halafu ulimi ikawasha upande moja, kama nimelamba betri. Kila akipata kitu, anaweka kikaratasi kidogo ya namba juu ya ubongo, vile tunaweka alama kwa ng'ombe yenye imeshauzwa. Hiyo sikuiona, daktari wa usingizi ndio alikuwa ananisimulia pole pole.

Tukaingia Kiswahili. Nikahesabu, nikataja picha. Hii ni kikombe, hii ni jembe, hii ni ng'ombe, neno moja, nilijivunia. Mtu wa usingizi akabadilisha picha. Nikasema "hii ni", na jina ikapotea. Nilikuwa namwona kuku huyo wazi kabisa. Nilijua anataga, nilijua nimekula wenzake wengi, nilijua hata bei. Jina tu ndio ilikuwa imechukuliwa, kama mtu ameingia nyumbani na kubeba kiti moja. Daktari akatoa kijiti yake ya stima, na "kuku" ikarudi yenyewe ikakaa mahali yake. Akarudia mara tatu, mara tatu ikaenda. Namba saba. Akasema hapo hakuguswi.

Akasogea mbele kidogo. Na hapo, bana, kiwanda ya Webuye ikafunguliwa. Harufu ile ile, kabeji na soksi, na hakuna mtu mwingine kwa hiyo chumba alikuwa anaisikia. Nikasema. Daktari akasema ndio hiyo kisiki, tumeipata. Akapima hapo hapo na picha za Kiswahili mara nyingi na sikukosa hata moja. Kiswahili haikuwa imepanda kitu hapo. Ilibaki Lubukusu. Ikiwa Lubukusu pia haiko, anang'oa.

Sasa, yule nasi kijana wa kwetu alikuwa ameamka na homa, na mtu mgonjwa haingizwi kwa chumba kama hiyo. Hospitali ilikuwa imetafuta mwingine haraka. Nikasikia mlango, nikasikia viatu vya mpira vinakuja upande wangu, na mama mmoja amefunika mdomo na pua na nywele akasimama mbele yangu na kitabu ya picha. Akanisalimia Lubukusu.

"Mulembe, papa. Tutaongea pole pole."

Hiyo sauti niliijua.

Mwaka nilipeleka mahari Webuye, tulikaa nje sisi wanaume, na akina mama walikuwa ndani ya jiko kama inavyotakiwa. Wazee wangu walipomaliza kusifu ng'ombe, sauti moja ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko, haina haraka, ikasema ule mtamba wa mwisho anachechemea. Wazee wangu wakasema ni uchovu ya barabara. Sauti ikasema basi barabara ilikuwa ya mguu moja tu. Tuliongeza mtamba mwingine. Hiyo sauti ilikuwa ya dada mdogo wa mama ya bibi yangu, na kwetu dada ya mama mkwe ni mama mkwe kamili, hakuna nusu. Nilijua alikuwa nasi wa hospitali mahali, lakini uso yake sijawahi kuiona. Mara mbili tumekutana kwa mazishi, na mara zote mbili niliangalia chini nikaona viatu.

Wenye si wa kwetu wanaweza kufikiri ni aibu ndogo. Mkwe hasemeshani na mama mkwe uso kwa uso. Haketi mahali amekaa. Wakikutana kwa njia, moja anaingia kwa mahindi. Mkwe hata kichwa bila kofia haonyeshi hapo mbele. Na mimi nilikuwa nimevuliwa shati, nimevuliwa nywele, nimevuliwa ngozi na mfupa, nimefunuliwa mpaka ubongo. Tangu watu wa Bungoma waanze kuoa, sidhani kuna mkwe amewahi kukosa adabu kiasi hiyo.

Akaonyesha picha ya kwanza. Nikafunga macho, maanake kichwa haingeweza kuinama.

Daktari alikuwa ameweka stima. Akasubiri. Kimya. Hata "hii ni" sikusema. Akaweka kikaratasi. Akasogeza, picha ingine, kimya, kikaratasi ingine. Ya tatu hivyo hivyo. Juu ya kisiki yangu sasa kulikuwa na namba tatu zinasema hapa ni nyumbani kwa Lubukusu, usikate. Nilikuwa nazisikia zikitajwa, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, na mimi nimenyamaza kama nauza fahali.

Halafu daktari akafanya kitu. Akasema "picha", na hakugusa. Mimi nikanyamaza vile vile.

"Hapo sijaweka stima," akasema.

Chumba ikabadilika. Mtu ananyamaza bila stima, hiyo inaweza kuwa kifafa imeanza ndani kimya kimya. Wakamwaga maji baridi juu ya ubongo. Nimeoga mtoni Julai kwa mlima, lakini hiyo baridi ilikuwa ya ukoo ingine, ilishuka mpaka ikasalimia vidole vya miguu moja moja. Wakaangalia mashine. Mashine ikasema mstari umetulia, hakuna kifafa. Daktari akaniuliza kwa Kiswahili kama namsikia, nifinye mkono. Nikafinya. Akauliza kama naweza kuongea. Nikanyamaza.

Na nikiwa kimya, nikasikia pia yule mama amenyamaza. Hakuna picha inageuzwa. Nikafungua jicho moja. Alikuwa ameangalia karatasi yenye iko na jina yangu, na kitabu imeshuka mpaka magotini. Alikuwa amenijua.

Daktari hakukasirika. Alisema tu vile mambo iko, na aliyasema kwa sauti ile ya siku nzima. "Mzee, siwezi kuacha kichwa wazi nikingoja. Kama sipati Lubukusu, namba hizi zinabaki. Nitafunga, na utaenda na kifafa yako."

Niliwaza mambo machache. Niliwaza kofia yenye ilikanyagwa. Niliwaza sitaruhusiwa karibu na jiko mpaka nife. Halafu nikawaza ukuta. Kwetu hakuna mtu amesema mama mkwe hasikiki, yule mama mwenyewe alinimalizia mtamba mzima akiwa nyuma ya ukuta. Yenye inakatazwa ni uso. Ukuta ikiwa katikati, watu wanaweza kutumiana maneno.

Nikamwongelesha mtu wa usingizi, Kiswahili. Nikamwambia, "Daktari, mwambie huyo mama aingie nyuma ya ukuta."

"Ukuta gani?" Mturkana akauliza. Akaangalia chumba.

"Yoyote."

Yule mama alielewa kabla yake. Akampa kitabu ya picha mkononi. "Mwambie mkwe wangu," akasema, na hakuniangalia, "nimeshaingia jikoni."

Nikasikia viatu vya mpira vinazunguka, vinaenda upande wa pili wa shuka ya kijani. Adabu ikarudi kwa chumba. Ni baadaye, tukifika Kamukuywa tukirudi, ndio nilifikiria vizuri huo upande wa pili ndio upande gani. Uso yangu ilibaki huku. Ubongo ndio ilikuwa huko, na yeye amesimama kando yake.

Daktari aliuliza ni nini inaendelea, na yule mama akamweleza kwa maneno machache. Daktari akasema tunaanza upya, na hizo namba tatu zitolewe kwanza.

Sasa ikawa hivi. Mturkana anashika picha. Mama anasema kutoka jikoni, "Mwambie ataje." Mturkana ananiambia nitaje. Mimi namjibu Mturkana kwa Lubukusu, lugha yenye hajui hata salamu yake, na mama nyuma ya shuka anasema ni sawa. Daktari akalalamika ati stima yake haiwezi kungoja barua ifike. Tukakubaliana Mturkana aondolewe katikati, ashike picha tu, mimi nitakuwa naongea na picha. Mtu anaruhusiwa kuongea na picha.

Engokho. Embako. Enju. Kuku, jembe, nyumba, zote zikatoka, stima iko na stima haiko. Nilizitoa haraka kama mtu anahama. Ikafika ng'ombe.

"Ekhafu," nikasema. Neno moja.

Ile sauti ikatoka nyuma ya shuka, haina haraka. "Mwambie huyu ni mzima miguu zote."

Nilicheka. Daktari akasema kwa heshima mgonjwa asichekeshwe, ubongo inaruka na yeye ameshika chombo.

Akarudia mahali pa zile namba tatu mara tatu tatu, na sikunyamaza hata mara moja. Mpaka ya maneno ilikuwa kando kidogo, kwa ile namba saba ya kuku, na kisiki ilikuwa nje ya ua. Akasema anakata. Nikaambiwa niendelee kuongea wakati anafanya, asikie kama kuna kitu inapotea. Hiyo ndio amri ya kwanza ya hospitali nilipenda. Nikawapa habari ya lori ya Kachibora. Walianza kufunga nikiwa bado hewani.

Hiyo sehemu waliyotoa ilikuwa ndogo, kama punje ya mahindi ya kuchemsha imevimba. Na ni pale pale palikuwa pameandikwa kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

Nilianguka mara moja wiki ya kwanza, kidogo, nikiwa kitandani, na daktari akasema jeraha mpya hulia. Tangu hiyo, mvua ndefu imekuja mara mbili sijaanguka. Dawa bado nakunywa, aina moja. Soko nilirudi. Kitu imebaki ni majina ya watu. Ng'ombe nakumbuka zote, hata zenye zilichinjwa, lakini mtu anasimama mbele yangu, namjua, najua deni ya baba yake, na jina inachelewa kama inatoka Lodwar kwa miguu. Nimezoea kuwaita wote ndugu. Wanunuzi wanapenda.

Wazee wa kwetu walikaa juu ya hiyo mambo ya chumba. Wengine walisema ubongo si uchi. Wengine wakasema hakuna uchi kuliko huo. Wakakubaliana mkwe akionekana namna hiyo anapeleka blanketi, afunike macho yenye yaliona. Nikanunua blanketi nzito hapo Kitale, nikapeleka Webuye na bibi yangu.

Nilikaa nje, kwa kiti ya wageni, kofia kichwani. Bibi yangu aliingia jikoni na blanketi. Kutoka hapo nilikuwa naona paa za kiwanda, zina kutu, hakuna moshi. Nilisikia akina mama wakikunjua blanketi, wakiipima, na ile sauti ikasema ni nzuri, haichechemei.

Halafu ikasema, "Mwambie mkwe wangu anisaidie. Hapo nje anasikia harufu ya nini?"

Bibi yangu akatoka mpaka mlangoni kuniletea hilo swali, ingawa ukuta ni ya udongo na nilikuwa nimesikia kila kitu. Nikavuta pumzi. Nikaingoja kabeji, nikaingoja soksi. Nikavuta tena, polepole, mpaka mwisho.

"Mwambie mama," nikasema, "ni engokho."

"Mwambie ni sawa," ikasema sauti, na nikasikia sufuria ya kuku ikifunuliwa.